Kiu ya Mtoto na Kipimo cha Floridi: Safari ya Kanuni ya Hali ya Hewa kutoka California hadi Nyanda za Juu za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya wazo moja la kisayansi: kwamba kiasi cha floridi kinachofaa katika maji ya kunywa kinaweza kukadiriwa kwa kutazama joto la mahali, kwa sababu mtoto wa nchi ya joto hunywa maji mengi kuliko mtoto wa nchi ya baridi. Wazo hilo lilipewa umbo la kanuni ya kihesabu nchini Marekani mwaka 1957, likaingia katika viwango vya maji vya nchi hiyo, na mantiki yake ikasikika katika miongozo ya kimataifa. Makala yanaonyesha kwamba ushahidi uliokusanywa Kenya, Uganda na Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 20 uliitikisa kanuni hiyo, kwa kuwa madhara makubwa yalionekana katika nyanda za juu zenye baridi, mahali ambapo kanuni ilitabiri usalama zaidi. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha haki kwa mtoto huanzia katika kile anachokimeza kila siku, yaani maji, uji, chai na chakula kilichopikwa kwa magadi, na kwamba joto la hewa haliwezi kusimama badala ya uchunguzi huo. Hitimisho linaihusisha historia hii na Kigali, mji wa kitropiki ulio juu ya kilima.

1.0 Utangulizi

Jino la kudumu la mtoto huanza kujengwa kabla hajajua kuliita jina. Enameli, yaani tabaka gumu la nje, hufanyika ndani ya ufizi tangu utotoni mwa mapema hadi kiasi cha miaka minane, na ikishakamilika haijengwi upya. Mfupa hubadilika maisha yote ya mtu. Enameli haibadiliki hivyo. Kwa hiyo jino ni aina ya hifadhi ya nyaraka. Mtu mzima anayetabasamu leo mjini Kigali anabeba kinywani kumbukumbu ya maji aliyokunywa akiwa na umri wa miaka miwili, yawe yalitoka kwenye chemchemi ya Kisoro, tangi la maji ya mvua la Goma, au mto wa Arusha.

Floridi ni miongoni mwa vitu vinavyoandika katika nyaraka hizo. Ikiwa kidogo, husaidia kuzuia meno kuoza. Ikizidi wakati enameli inajengwa, huleta florosisi ya meno: kwanza mistari na madoa meupe, kisha rangi ya kahawia, na katika hali kali enameli humeguka na kuacha mashimo. Ikizidi mno kwa muda mrefu, huathiri mifupa pia. Haina rangi, haina harufu, na katika viwango vinavyopatikana kwenye visima vingi haina ladha ya kumwonya mnywaji. Aidha, kuchemsha maji hakuiondoi. Ushauri wa afya unaorudiwa kuliko wote katika eneo letu, "chemsha maji ya kunywa", huua vijidudu vya maradhi lakini huiacha floridi palepale, na maji yanapopungua kwa mvuke, kiwango chake katika yale yanayobaki huongezeka.

Swali la kihistoria linaloongoza makala haya ni hili: nani aliamua ni floridi kiasi gani inamfaa mtoto, kwa kumpima mtoto gani, na uamuzi huo ulipofika Afrika Mashariki ulikutana na nini?

2.0 Kanuni ilivyozaliwa

Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia. Alitumia miongo mitatu kutafuta sababu. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alitambua kuwa kitu kilichomo katika maji ya namna hiyo ni floridi. Baadaye H. Trendley Dean, wa Idara ya Afya ya Umma ya Marekani, aliligeuza swali. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1942, uliohusisha watoto 7,257 katika miji 21, alionyesha kwamba meno ya watoto yaliozeana kidogo zaidi mahali maji yalipokuwa na floridi ya kiasi cha miligramu 1 kwa lita, na kwamba katika kiasi hicho madoa yalikuwa machache na mepesi. Januari 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza kuongeza floridi katika maji ya bomba kwa makusudi.

Lakini miji mingi ya Dean ilikuwa katika majimbo yenye majira ya baridi kali. Je, miligramu 1 ya Michigan ni sawa na miligramu 1 ya Arizona? Donald Galagan na wenzake walilishughulikia swali hilo katika miaka ya 1950. Waliona huko Arizona kwamba watoto walipata madoa katika viwango ambavyo kaskazini havikuleta shida kubwa. Kisha walikwenda katika miji miwili ya California, Antioch na Brentwood, wakachunguza vinywaji vya watoto tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka kumi, na kulinganisha unywaji wa maji na joto la hewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1957: joto likipanda, maji anayokunywa mtoto kwa kila ratili ya uzito wake huongezeka.

Mwaka huohuo Galagan na Vermillion waliandika kanuni yao. Kwanza, unywaji wa mtoto hukadiriwa kwa kuzidisha wastani wa joto la juu la kila siku, kwa nyuzi za Fahrenheit, kwa 0.0062, kisha kutoa 0.038. Pili, namba 0.34 hugawanywa kwa makadirio hayo, na jibu ndilo kiasi cha floridi kinachofaa kwa miligramu katika lita. Uzuri wa kanuni hii ni wepesi wake. Mhandisi wa maji hahitaji kumwona mtoto yeyote. Anahitaji kipimajoto na kalamu.

Viwango vya maji vya Marekani vya mwaka 1962 viliifuata mantiki hiyo: kiasi kilichopendekezwa kilikuwa miligramu 1.2 katika sehemu za baridi zaidi na kushuka hadi 0.7 katika sehemu za joto zaidi. Kanuni za mwaka 1975 ziliweka hata ukomo wa juu kwa kufuata joto, kuanzia miligramu 1.4 hadi 2.4. Yafaa kuutambua ubora wa wazo hili kabla ya kulikosoa. Galagan aliona jambo ambalo viwango vingi kabla yake havikuliona: kwamba kilichomo katika maji na kinachoingia mwilini ni vitu viwili, na kati yao kuna kiu ya mtoto. Kosa la baadaye lilikuwa kudhani kwamba kiu ndiyo njia pekee.

3.0 Bonde la Ufa na meno yake

Afrika Mashariki haikungoja kuongezewa floridi. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa imeijaza tayari. Maji yanayopita katika miamba hiyo huwa na sodiamu nyingi na kalisi kidogo, na pale kalisi inapopungua, floridi hubaki majini badala ya kutuama kama madini. Maziwa ya magadi ni mfano uliokithiri: katika uchunguzi wa maji ya Kenya uliochapishwa mwaka 1984, Ziwa Nakuru lilipatikana na miligramu 2,800 kwa lita na Elementaita miligramu 1,640. Hakuna anywaye maji hayo, lakini ndiyo dada wa visima vilivyo jirani.

Madaktari wa kikoloni na wa miaka ya mwanzo ya uhuru waliyaona meno kabla ya kuyapima maji. Mwaka 1953 jarida la kitabibu la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya awali ya Williamson kuhusu florosisi ya meno nchini Kenya. Mwaka 1964 Grech na Latham walieleza florosisi katika jimbo la kaskazini la Tanganyika, wakiitazama mifupa pamoja na meno. Mwaka 1970 Møller na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu wa Uganda. Ndani ya miaka ishirini, nchi zote tatu zilikuwa na ushahidi ulioandikwa, na kila taarifa ilizungumzia jamii zilizokuwa zikiishi na hali hiyo kwa vizazi.

Wenyeji walikuwa na maarifa yao. Katika barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi kuna mto na mji mdogo uitwao Maji ya Chai, jina linaloeleza rangi ya maji yanayoshuka kutoka Mlima Meru. Rangi hiyo si floridi, kwani floridi haionekani. Lakini maji ya upande huo yanajulikana kwa wingi wa floridi yake, na jina limebaki kama alama kwamba watu waliyatofautisha maji ya mto mmoja na ya mwingine. Meno ya kahawia nayo yakawa kitambulisho. Mtu akiwa Dar es Salaam akafungua kinywa, wenzake walijua alikokulia. Waliotoka huko walizoea utani huo, na wengine walizoea pia kucheka huku wameziba mdomo kwa kiganja. Fedheha ya namna hiyo haimo katika jedwali lolote la maabara, ingawa ndiyo iliyowafanya wengi waende kwa daktari wa meno.

4.0 Miligramu nane

Mwaka 1971 Tanzania ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kufikisha maji safi vijijini, ili ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lilikuwa lengo la heshima. Lakini wahandisi wa mikoa ya kaskazini na kati walikumbana na ukweli mgumu: kama wangefuata ukomo wa kimataifa wa miligramu 1.5 kwa lita, wangelazimika kuvifunga visima na chemchemi nyingi, na wanavijiji wangerudi kwenye madimbwi yenye kipindupindu na kuhara. Mwaka 1974 viwango vya muda vya maji ya vijijini viliweka ukomo wa floridi kuwa miligramu 8 kwa lita.

Ni rahisi leo kuulaumu uamuzi huo. Mwanahistoria anapaswa kwanza kuuelewa. Kuhara humwua mtoto katika siku chache. Floridi humharibu polepole bila kumwua. Waliopanga walilinganisha kaburi na doa, wakachagua doa. Hata hivyo, neno "muda" lilirefuka. Kiwango cha 8 kilidumu kwa miongo kadhaa kabla ya kushushwa hadi 4, na hatimaye hadi 1.5 sawa na kile cha Afrika Mashariki. Mtoto aliyezaliwa wakati viwango vya muda vinaanza alimaliza kujenga enameli yake yote chini ya kiwango hicho, na kwa jino lake hakukuwa na muda. Kulikuwa na milele. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wala hakikuwa kisa cha doa peke yake. Mwaka 2013 Jarvis na wenzake walichapisha uchunguzi wa florosisi ya mifupa kwa watoto wa kusini-magharibi mwa Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ambako watoto walikuwa na matege na miguu iliyopinda. Mizani ya kaburi na doa, basi, ilikuwa imekosea upande mmoja: ilichukulia kwamba madhara ya floridi yangeishia kinywani.

Juhudi za kuondoa floridi zilikuwapo. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu walijaribu mkaa wa mifupa ya ng'ombe kama chujio, na huko Kenya mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru uliueneza mkaa huohuo katika kaya na shule. Njia ya Nalgonda, iliyobuniwa India na kutumia shabu na chokaa, nayo ilijaribiwa Tanzania na Ethiopia. Njia zote hizi zinafanya kazi, na zote zinahitaji mtu wa kubadilisha chujio au kupima dawa kila wakati. Teknolojia iliwezekana, mzigo wa kuitunza ulimwangukia mama wa nyumba.

5.0 Mlima unaipinga kanuni

Turudi kwenye kanuni ya 1957 na tuijaribu katika ardhi yetu. Mji wa pwani wenye wastani wa joto la juu la nyuzi 30 za Selsiasi utapewa na kanuni miligramu 0.69 kwa lita. Mji wa nyanda za juu wenye nyuzi 21 utapewa 0.86. Yaani, kwa mujibu wa kipimajoto, mtoto wa milimani anaweza kustahimili floridi zaidi kuliko mtoto wa Mombasa, kwa kuwa ana kiu ndogo.

Mwaka 1986 Manji, Baelum na Fejerskov walichapisha matokeo kutoka Kenya yaliyosema kinyume. Walilinganisha watoto wa maeneo yenye maji ya floridi kidogo, chini ya miligramu 0.5 kwa lita, katika miinuko mitatu tofauti. Katika usawa wa bahari, asilimia 36.4 ya watoto walikuwa na florosisi ya meno. Katika mita 1,500, walikuwa asilimia 78.0. Katika mita 2,400, walikuwa asilimia 100. Kadiri hewa ilivyokuwa baridi, ndivyo madoa yalivyoongezeka. Kanuni ya joto haikupunguza tu usahihi wake. Ilielekeza upande usio wake.

Mwaka 1999 Rwenyonyi na wenzake walilichukua swali hilo hadi magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Kasese na Kisoro, wakilinganisha watoto wa maeneo yenye miligramu 0.5 na 2.5 kwa lita katika miinuko tofauti. Nao waliuona mwinuko kuwa kiashiria cha hatari. Kwa msomaji wa Kigali, Kisoro si mbali. Iko upande wa pili wa Mlima Muhabura, na ng'ambo ya mpaka wanaishi watu wa lugha moja na ukoo mmoja.

Kwa nini mlima? Maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalikuwa ya kifiziolojia: hewa ya milimani ina msukumo mdogo wa oksijeni, na hali hiyo yaweza kubadili namna mwili unavyohifadhi au kutoa floridi, au kuathiri ujenzi wa enameli yenyewe. Majaribio ya Angmar-Månsson na Whitford kwa panya yaliipa dhana hiyo nguvu. Lakini watafiti wengine walitazama chini, kwenye chungu.

6.0 Magadi, chai na uji

Mwaka 1992 Mabelya na wenzake, wakifanya kazi nchini Tanzania, waliuliza kama tofauti zinazodhaniwa kuwa za mwinuko si tofauti za mapishi. Mwaka 1997 walichapisha uchunguzi uliohusu moja kwa moja magadi yanayotumiwa kulainisha chakula. Mwaka uliofuata Yoder na wenzake walieleza florosisi kali katika jamii ya Tanzania iliyokunywa maji yenye floridi kidogo mno. Eneo hilo lilikuwa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Maji hayakuwa na hatia. Basi floridi ilitoka wapi?

Mpishi yeyote wa kaskazini mwa Tanzania angeweza kuanza kujibu. Maharage makavu huchukua muda mrefu kuiva, na milimani, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, huchukua muda mrefu zaidi. Kuni ni ghali. Bonge la magadi likitiwa chunguni, maharage na ndizi hulainika upesi. Magadi hayo hutoka katika maziwa na kingo za chumvi za Bonde la Ufa, na baadhi ya magadi ya sokoni yana floridi ya maelfu ya miligramu kwa kilo, ilhali mengine yana kidogo tu. Mnunuzi hana njia ya kuyatofautisha kwa macho. Hapa ndipo mwinuko na magadi vinapokutana: baridi ya mlimani, ambayo kanuni ya California iliihesabu kuwa kinga, ndiyo inayomsukuma mpishi kuongeza magadi.

Chai ni njia ya pili. Mchai hufyonza floridi kutoka udongoni na kuilimbikiza katika majani, hasa yaliyokomaa. Katika nyumba nyingi za nyanda za juu, mtoto mdogo hupewa chai asubuhi kwa sababu ya ubaridi. Hivyo unywaji wake wa maji matupu hupungua, kama Galagan alivyotabiri, lakini floridi haipungui, kwa maana imeingia kwa mlango mwingine.

Njia ya tatu ni uji, na inatuelekeza kwenye umri wenyewe wa hatari. Mwaka 1991 Opinya na wenzake walichunguza akina mama katika eneo la Kenya lenye maji ya miligramu 9 kwa lita, wakakuta kwamba maziwa yao yalikuwa na floridi kidogo sana. Mwili wa mama humkinga mtoto anayenyonya hata pale mama mwenyewe anapokunywa maji mabaya. Kinga hiyo huisha siku mtoto anapoanzishiwa uji. Kumwachisha mtoto ziwa ni kumkabidhi kwa kisima, na hutokea wakati enameli ya meno ya mbele inajengwa. Kipimo kinachosubiri mtoto afike shule ya msingi kimechelewa.

Haya yote hayana maana kwamba joto halihesabiki. Mwaka 1988 Brouwer na wenzake walionyesha kwamba ukomo wa miligramu 1.5 haukuwafaa watoto wa Senegal, nchi yenye joto kali na ukavu, wakapendekeza kiasi kisichozidi miligramu 0.6. Mwaka 1994 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilisema kuwa kwa maji yanayoongezewa floridi, miligramu 1.0 iwe ukomo wa juu hata katika nchi za baridi. Katika Sahel kiu ilikuwa ndiyo njia kuu. Katika Kibosho njia kuu ilikuwa chungu. Kanuni moja haiwezi kuvisemea vyote viwili.

Marekani yenyewe iliiacha kanuni yake. Mwaka 2015 nchi hiyo ilipendekeza miligramu 0.7 kwa lita kwa majimbo yote, ya joto na ya baridi, kwa sababu unywaji wa maji wa watoto haukuonekana tena kufuata joto la hewa, na kwa sababu dawa ya meno na vyanzo vingine vilikuwa vimeongeza floridi mwilini. Watoto wanaokaa katika nyumba zenye viyoyozi na kunywa vinywaji vya viwandani hawana tena kiu ya Antioch ya 1957. Hitimisho hilo lilifikiwa kwa njia ya viyoyozi. Nyanda zetu zilikuwa zimelifikia kwa njia ya magadi miaka mingi kabla.

7.0 Kigali, mji wa kitropiki juu ya kilima

Kigali iko karibu na ikweta, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,500, na joto lake la juu la kila siku huzunguka nyuzi 27. Kanuni ya Galagan ingeipa miligramu 0.74 kwa lita. Mwinuko wake, hata hivyo, ni ule ambao Manji na wenzake walikuta asilimia 78.0 ya watoto wana madoa katika maji ya chini ya 0.5. Hatutoi hesabu hizi ili kusema kwamba watoto wa Kigali wako hatarini. Vilima vya mji huu havijajengwa kwa miamba ya volkano kama miteremko ya Meru, na hatuwezi kuhamisha asilimia za Kenya na kuzibandika hapa. Tunazitoa ili kuonyesha kwamba mtaalamu anayeketi Kigali akiwa na kipimajoto, na mwenzake aliye na kipimo cha mwinuko, watapata majibu mawili yanayopingana kuhusu mtoto yuleyule, na wala hakuna kati yao aliyemuuliza mama yake amekunywa nini.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kiwango cha jumuiya cha maji ya kunywa kimeweka ukomo wa floridi kuwa miligramu 1.5 kwa lita kwa nchi zote wanachama. Namba hiyo moja inatumika Mombasa kwenye fukwe na Musanze chini ya volkano, kwa anayekunywa maji matupu na kwa anayekula maharage ya magadi. Umoja wa kiwango una faida kubwa: umemaliza zama za miligramu 8, na mtoto wa kijijini sasa anahesabiwa sawa na wa mjini. Lakini mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani ambao namba 1.5 imetokana nao, tangu miaka ya 1980, unazitaka nchi kuzingatia hali ya hewa, wingi wa maji yanayonywewa na vyanzo vingine vya floridi. Tumeichukua namba na kuliacha sharti lake.

Jirani yetu wa magharibi anatukumbusha kwamba swali hili bado liko hai. Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002 na tena Mei 2021, hutoa moshi wenye floridi ya gesi hata pasipo mlipuko. Mvua inapopita katika moshi huo huichukua, na kwa kaya za miteremko yake zinazokinga maji ya paa kwa kukosa bomba, anga yenyewe huwa kisima. Hapo si joto, si mwinuko wala magadi. Ni njia ya nne ambayo kanuni haikuiota. Na watu wa ukanda huu huhama. Vita, biashara na ndoa vimewaleta Kigali waliozaliwa Kongo, Uganda, Tanzania na Burundi. Daktari wa meno wa mji huu anayeona madoa kinywani mwa kijana hana budi kuuliza swali la kihistoria kabla ya lile la kitabibu: ulikulia wapi?

Swali hilo huulizwa kwa lugha. Rwanda iliipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na hapa pana kazi kwa wanataaluma wa Kiswahili. Viwango vya maji vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa namba. Lakini maneno yanayohitajika ili kujua kinachoingia mwilini mwa mtoto, kama vile magadi, uji na maji ya kisima, ni maneno ambayo mama wa Arusha, Kisoro na Goma huyaelewa bila kutafsiriwa. Dodoso lililotungwa kwa Kiswahili cha jikoni linaweza kuvuka mipaka mitano.

8.0 Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa ina funzo moja. Kanuni ya hali ya hewa ilikuwa jaribio la kweli la kumfikia mtoto kupitia kiu yake, na ilifaulu mahali ilipozaliwa kwa wakati wake. Ilipofika kwetu ilikutana na watoto wasiofanana na wale wa California: walioanzishiwa uji wa maji ya chemchemi, waliopewa chai kwa sababu ya ubaridi, waliolishwa maharage ya magadi kwa sababu kuni ni ghali na maji ya mlimani hayachemki vya kutosha. Ushahidi dhidi ya kanuni ulikuwapo tangu 1986, ukiwa umekusanywa katika ardhi hii na kwa sehemu kubwa na watafiti wake.

Makala haya yanapendekeza kwamba ukomo wa pamoja wa Afrika Mashariki ubaki, na kwamba kila nchi mwanachama iambatanishe nao uchunguzi wa mara kwa mara wa ulaji na unywaji wa watoto walio chini ya miaka mitatu, ukianzia katika wilaya za volkano na za miinuko. Vifaa vyake ni vichache: kikombe chenye alama za ujazo, chupa ya sampuli ya maji, kipande cha magadi kutoka sokoni, na mtu anayejua kuuliza kwa adabu. Mtoto wa miaka miwili hawezi kutuambia amekunywa kiasi gani. Miaka mitano baadaye jino lake litatuambia, na wakati huo hatutaweza tena kumrudishia kitu.